Barafu Isiyonywesha Ng'ombe

Jumamosi, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi. Hata chai ina vumbi.

“Huko juu kuna barafu, na hapa chini ng'ombe wanakufa kiu. Huyo msichana asomee visima.”

Ndivyo alivyosema jana Mzee Parsaloi, ami yake Nashipai, mwanafunzi wangu wa zamani. Nashipai amepata nafasi ng'ambo ya kusomea barafu iliyoganda kwenye vumbi lililo kati ya nyota. Barafu hiyo huchunguzwa kwa darubini zilizorushwa angani, zinazopokea mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni. Lazima ajibu Jumatatu. Bila neno la mzee, babake hatamruhusu.

Hoja ya mzee ni mbovu. Kuna visima viwili njia ya Kajiado vilivyoachwa midomo wazi. Havikukosa msomi, vilikosa mtu wa kutengeneza pampu. Na maji anayoyalilia ni yaleyale: wataalamu wanaamini sehemu ya maji ya dunia hii iliganda kwenye vumbi la namna hiyo kabla jua halijawaka. Anayeuliza maji yalitoka wapi hajayakimbia.

Yote haya nilikuwa nayo jana. Sikuyasema.

Nilisema, “Mzee, wewe umesomea nini?”

Mbele ya ndugu zake, mbele ya wake zao. Naye hakuwahi kuingia darasani.

Nashipai alinisindikiza hadi barabarani. “Umeshinda, Mwalimu,” akaniambia. “Sasa nani ataniruhusu?”

Leo jioni nilirudi kuomba msamaha. Mzee alikuwa langoni mwa boma, babake Nashipai akiingiza ng'ombe waliobaki. Mzee hahesabu mifugo; kuhesabu ni mkosi. Hutazama tu.

“Yule mwekundu wa sikio moja hayuko,” akasema. Babake Nashipai akageuka kumfuata.

Nikamuuliza amejuaje.

“Naona mahali pake.”

Nashipai alikuwa nyuma yangu. Akamsogelea ami yake, ambaye humwita Papa kwa heshima.

“Papa, hiyo ndiyo kazi yangu. Mwanga wa nyota ukipita kwenye lile vumbi, barafu inakula kipande cha mwanga huo. Ya maji inakula hapa, ya aina nyingine inakula pale. Barafu yenyewe siioni. Naona mahali pake.”

Mzee akanigeukia mimi.

“Na huyu mwalimu wako wa mdomo, mbona jana hakusema hivyo?”

Nikamwomba msamaha kwa neno langu la jana.

Alinipa kigoda, nikajua msamaha umepokelewa. Lakini hakukubali wala hakukataa. Atatoa neno kesho baada ya kanisa, ndugu wote wakiwepo, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa matokeo ya mtihani wowote.

Basi ninyi kaka zake Nashipai wawili mlioko Rongai, mnaosoma kurasa hizi ninazowatumia kwa simu kila jioni na kunicheka: njooni kesho. Mzee akiuliza nani ana neno, simameni mseme dada yenu aende. Mimi nitanyamaza, naapa. Ninyi msinyamaze.