Mpira Uliotoka Kwenye Pochi ya Mama Kulwa

Kwako mtani wangu Mnyamwezi, uliyelala makaburini Katy, huku Texas,

Wengine wanawaandikia marehemu wao kuwaombea. Mimi nakuandikia kukuuliza: ule mpira uliniibia, au hukuniibia? Nijibu hata kwa ndoto, usingizi wangu mwepesi.

Unaikumbuka ile siku kwenye uwanja wa besiboli wa Arlington. Mimi, darasa la saba wa Mbagala, baharia mstaafu niliyekunywa kahawa kwenye bandari ambazo maprofesa wanaziona kwenye ramani tu, nimekaa jukwaani na kontena la pilau mapajani. Wewe ndiye uliyelipitisha getini chini ya koti, katika joto lile, mlinzi akadhani una homa. Yule mchezaji alikuwa anasubiriwa avunje rekodi, nchi nzima macho kwake. Akaupiga. Home run. Mpira ukavuka uzio, watu wazima wakainua glavu, mimi nikainua kontena. Ukatua kwenye pilau kama umetumwa.

Wakaja wale watu wawili wa timu, vitambulisho shingoni, wakinichekea, wakitaka niwape mpira wanipe gongo la kupigia na jezi.

"Usiwape, mtani," ulininong'oneza. "Mtu akikuchekea hivyo, ujue kuna kitu."

Sikuwapa. Tangu siku hiyo nikamwona kila mtu mwizi: wale niliopanga nao Carrollton, fundi wa kiyoyozi, hata yule bibi aliyekuwa akinifundisha Kiingereza bure. Nikakupa wewe uufiche kwako Gulfton, ule mtaa wa wahamiaji wenzetu kule Houston. "Nani atakuja kutafuta hazina Gulfton?" ulisema, nikaona una akili.

Nilipopata nyumba yangu ukanirudishia. Mpira mweupe. Lile doa la mafuta ya pilau halipo.

"Mama Kulwa kausafisha," ulisema, macho kwenye televisheni. Televisheni yenyewe imezimwa.

"Sabuni gani inatoa mafuta kwenye ngozi?"

"Kamuulize mwenyewe."

Nikamfuata mkeo jikoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nikawa nakuja kwako kula kwa mkono mmoja, wa pili unafungua makabati. Nikiaga naenda msalani, napitia chumbani kwenu. Mlipohamia Katy, nyumba ya gereji mbili, nikakosa usingizi. Ulisema ni zamu za hospitali. Zamu zenyewe nilizijua, maana nikija kwenu na gari lako likiwa bovu nilikupeleka mimi, lakini bado nilikuwa napiga kichwani hesabu ya bei ya mpira wa rekodi.

Kuna mzee mmoja Dallas, muuza vitu vya michezo, aliniambia mipira ya siku kubwa kama ile inatiwa alama ya siri inayoonekana kwa taa maalumu tu. Ningeenda, ningejua siku hiyo hiyo. Sikwenda. Mimi niliyevuka mawimbi ya Ghuba ya Biskaya nikila chapati, niliiogopa taa. Mpira ukiwa wa bandia, ningebaki bila mpira na bila mtani.

Ukafa bila kunijibu. Siku ya mazishi nikafanya kazi yangu ya utani. Nikalala chali mbele ya gari lililokubeba, suti mpya, lami ya Texas inanikaanga mgongo.

"Haondoki mtu," nikatangaza. "Huyu kafa na mali yangu. Nilipeni ndiyo apite."

Watu wetu wakaangua kicheko katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Dereva, Mmarekani wa watu, akatoa simu aite polisi. Wazee wakamshika mkono wakamweleza kwamba huyu aliyelala chini ndiye mwenye msiba mkubwa, na hainuki mpaka akombolewe.

Kwenye gari la nyuma Mama Kulwa akashusha kioo, akafungua pochi, akatoa mpira. Doa lile pale, pana.

"Chukua, shemeji. Mpishe mwenzio."

Nikainuka, ukapita. Lakini mtani, mimi si mtoto. Nani anakwenda kumzika mumewe na mpira kwenye pochi? Halafu nimeunusa. Unanukia pilau. Pilau la miaka yote hiyo? Na jana yake kwako yaliinjikwa masufuria ya pilau la msiba. Nikambana shemeji.

"Marehemu alisema utalala barabarani," akanijibu. "Mengine muulize yeye."

Sasa ninayo miwili kwenye kabati la kioo, mweupe na wenye doa. Nikipita naiangalia, naona kama inacheka. Nyumba imekuwa kimya mno, hakuna wa kumtukana tukaelewana. Yule mzee wa Dallas amepiga simu, yuko radhi aje mwenyewe na taa yake. Nimemwambia umeme umekatika.

Pumzika, Mnyamwezi. Zamu yangu ikifika nitakuja huko, na kabla sijakukumbatia nitakupekua mifuko.

Mimi mtani wako,
Mzaramo wa Carrollton