Nyumba Mbili na Barabara Moja Katikati

Mpendwa Dada Goreti,

Barua hii nitaipiga picha na kuituma kwenye simu ya jirani yako hapo kambini, fundi baiskeli, kwa sababu simu yako haipatikani tangu Jumapili. Najua ataisoma kabla yako, na mpaka ufike bombani kuchota maji wanawake wote watakuwa wameshaijua. Basi na iwe barua ya wazi. Sina muda wa kutafuta njia ya siri. Baba anatakiwa kutoa jibu Jumatatu.

Baba ananunua nyumba. Mwenye nyumba tunayopanga hapa Kenmore anaitaka nyumba yake, na Baba ameapa hatapanga tena. Zimepatikana mbili anazoziweza, na kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wake, kila neno limepita mdomoni mwangu.

Moja ni ndogo, iko hapa hapa Kenmore, karibu na shule yangu. Nyingine ni ya ghorofa, familia moja juu na nyingine chini, kila moja na mlango wake, jiko lake na bafu lake. Iko ng'ambo ya barabara kubwa. Ukisimama kwenye dirisha la juu unaiona bendera ya shule yangu. Lakini katikati ya barabara hiyo ndipo Kenmore inapoishia na mji wa Buffalo unapoanza, na hapa mtoto husoma shule ya upande ambao wazazi wake wanalala. Familia ikivuka barabara, mtoto amebadili shule.

Umeshaelewa Baba anataka ipi, na kwa ajili ya nani.

Tulipoikagua ile ya ghorofa, Baba alifungua mlango wa chini, akaufunga, akaufungua tena. "Tazama," aliniambia. "Shemeji yako Evariste ataingia bila kuniona na atatoka bila kuniona. Hivyo ndivyo mkwe anavyokaa na baba mkwe." Kisha tukaenda kwenye ile ndogo. Bafu ni moja, na mlango wake unafungukia sebuleni, mbele kabisa ya mahali ambapo meza ya chakula ingekaa. Baba alisimama pale akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani mimi nakula, mkwe wangu anapita hapa na taulo kiunoni? Afadhali nihamie garini."

Dalali wetu, mama mmoja wa Kizungu mwenye subira anayeitwa Donna, aliniuliza tunacheka nini. Nilipomweleza naye akacheka, akasema mkwe wake hupita hivyo nyumbani kwake kila asubuhi, tena akiimba.

"Mwambie pole sana," Baba akasema.

Nilicheka nao, Dada. Kisha nikaingia kwenye lile bafu, nikafunga mlango, nikalia, maana niliona nyumba ndogo imeshashindwa.

Unakumbuka shule ya zoni yetu kambini, darasa lisilo na mwalimu wa hesabu, tumekaa juu ya matofali tukiimba jedwali ambalo hakuna aliyelielewa? Ulisikia kwamba zoni ya pili yuko mwalimu anayefundisha kweli. Hukuomba kibali kwa mtu. Ulikunja mkeka wangu, ukauweka kichwani, ukanishika mkono hadi kwa Shangazi, ukamwambia, "Huyu atalala hapa. Jumamosi nitamfuata." Mwalimu mkuu alipouliza kama mimi ni mtoto wa zoni ile, ulimjibu, "Mkeka wake uko hapa." Akacheka, akaandika jina langu. Hivyo ndivyo nilivyojua kugawanya. Na kila Jumamosi, njiani kurudi, ulinimenyea muhogo ukaniuliza, "Haya, wiki hii umeiba nini kichwani mwa mwalimu?" Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, lakini sikuwahi kukosa mtu wa kuniuliza swali hilo.

Baba naye anaukumbuka ule mkeka. Juzi alivaa suti ya kanisani, tukaenda ofisini kwenye shule yangu. "Tutafanya kama Goreti alivyofanya," alisema garini. Mpango wake ulikuwa kwamba siku za shule nilale kwa Mama Kelia, mwenzetu wa kanisani anayekaa Kenmore, na Jumamosi nirudi ng'ambo. Aliueleza wazi, kwa fahari, hakuficha kitu. Mama wa ofisini aliuliza kama Mama Kelia ni mlezi wangu kisheria.

"Mwambie ni mwimbaji wa kwaya," Baba alijibu.

Nilitafsiri kama alivyosema. Yule mama alieleza taratibu kwamba mtoto ni wa pale wazazi wake wanapolala, kwamba kusema vinginevyo ni kosa, na kwamba shule ina watu wa kwenda kuhakikisha.

"Mwambie kwetu mtoto ni wa ukoo mzima."

Akasema hayo ni maneno mazuri sana, kisha akarudia yaleyale. Nje, Baba alilegeza tai yake, akakaa garini muda mrefu bila kuwasha. Nafikiri alikuwa anakuonea huruma wewe, na siyo mimi, kwamba njia yako haifai huku.

Sisemi shule za ng'ambo ni mbaya. Binamu wa Kelia, yule mtoto wa Mama Kelia, anasoma huko na ananishinda hesabu. Kinachoniua ni kuanza tena. Louisville, mji wetu wa kwanza huku, tulikaa mtaa wa Okolona, nikawekwa na watoto wadogo kuliko mimi kwa sababu sikujua Kiingereza. Nilipoanza kuthubutu kuinua mkono, Baba akasikia habari za kazi Columbus. Kule wakasema karatasi za Louisville hazijafika, nikarudishwa. Zilipofika tulikuwa tunafunga mizigo kuja huku. Kila mji ulinikuta nimefika mahali fulani, ukanirudisha mlangoni. Hapa yupo mwalimu wa sayansi ambaye hakuchoka nami mpaka nikaacha kuogopa sauti yangu mwenyewe. Amesema mwakani niingie darasa lake la kemia, na ukitaka uuguzi ndiko unakoanzia. Huenda ng'ambo hawatanirudisha. Lakini mara mbili niliambiwa huenda, Dada, na sasa mimi ni mrefu kuliko wenzangu wote darasani.

Haya yote nilimwambia Baba mezani, kwa heshima, bila kupandisha sauti, kama ulivyonilea. Alimaliza kula, akanawa mikono.

"Goreti alikulea wakati mimi sijui hata kukusuka," alisema. "Siku atakaposhuka kwenye ndege nimwambie nyumba imejaa?"

"Lakini hatujui atakuja lini, Baba."

Aliniangalia kana kwamba nimekuzika. "Basi muulize mwenyewe. Akisema ule mlango hauhitaji, nitanunua ile ndogo."

Nikuulizeje jambo kama hilo? Wewe ulibaki kwa sababu ulikuwa umeolewa, na faili lenu la safari likaenda mbali na letu. Siku ya basi ulinifumua nywele zilizokuwa bado nzuri ukaanza kunisuka upya, taratibu, ili nichelewe kupanda, mpaka dereva akapiga honi na nikaondoka upande mmoja haujasukwa. Mlifanyiwa mahojiano, mkaambiwa msubiri, na bado mnasubiri. Nikikuambia useme huuhitaji ule mlango, utasikia kwamba tumeacha kukungoja. Nikinyamaza, ile nyumba ya chini itakaa tupu, maana Baba anasema hatapangisha, mpangaji hatolewi siku ya ndege. Nami nitakuwa juu yake, nikitazama bendera ya shule isiyo yangu tena. Nimeomba Mungu mpaka nimeishiwa maneno. Naona aibu kwamba nataka vitu viwili, na kimoja ni wewe.

Kwa hiyo sikuulizi kama unauhitaji ule mlango. Unauhitaji. Nakuomba jambo lingine, na ni Shemeji peke yake anayeweza kulitenda. Baba hamkatalii mkwe wake akiombwa kwa adabu, unajua alivyo. Shemeji ampigie, amsalimie vizuri, aulize habari za kanisa, kisha amwambie kwa mdomo wake kwamba ile nyumba ndogo inamtosha, na kwamba atakaa humo bila aibu mpaka mpate yenu. Vyumba ni vitatu: cha Baba, chenu, na changu pamoja na watoto wako. Najua namwomba jambo zito. Lakini mweleze kwamba Baba huondoka mchana kwenda kazini ghalani Cheektowaga na hurudi sisi tumeshalala. Shemeji akipata zamu ya asubuhi, wataonana Jumapili tu, wote wawili wamevaa suti. Bafu nitalisimamia mimi. Nitatundika pazia sebuleni, na nitakohoa kwa niaba ya kila mtu.

Akikataa, sitamlaumu. Nitavuka barabara na vitabu vyangu, na nyumba yenu ya chini nitaifagia mwenyewe kila Jumamosi mpaka mje. Hilo nakuahidi, na silisemi kwa uchungu.

Lakini muulize, Dada. Kabla ya Jumatatu. Na umuulize akiwa ameshakula.

Wabusu watoto, na ubaki salama mikononi mwa Mungu.

Mdogo wako, mtoto wako wa kwanza