Braich, neno la Mama Kabira

Jumatano, Al-Nuzha. Joto la Jeddah leo halina adabu, na mimi sina raha.

Namshuku yule mwanamke wa Wales.

Wiki nzima anakuja kumfanyisha mazoezi Mama Kabira, bibi ninayemtunza, ambaye kiharusi kilimwacha na mkono mzito na mdomo usio na neno. Aliyemtuma ni mwanawe, tajiri wangu ninayemwita Baba, anayeishi Riyadh. Tangu lini Baba akatuma mtu bila sababu?

Anaushika ule mkono, anauinua, anasema, "Braich." Ndio mkono kwa lugha ya kwao, kuanzia begani. Kwa kiganja na vidole wana neno jingine, llaw, lao la tangu zamani. Lakini hili braich, alinieleza akikunja taulo, lilitoka Kilatini, enzi Warumi walipowatawala. Nikazidi kumtilia shaka. Watu gani hao wa kungoja mgeni awape jina la mkono? Kabla ya hapo walikuwa wakibebea nini watoto wao?

Baadaye, nikiosha vikombe, nikakumbuka kwamba hata damu yangu naiita kwa Kiarabu. Humu ndani nao husema dam. Nikaacha kuwacheka.

Leo Mama Kabira amesema neno lake la kwanza tangu augue. Braich. Ile ch ya mwisho, inayotamkwa kh, ilimtoka safi, maana Kiarabu chake kinayo. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwogesha, ninayerudia mazoezi naye kila jioni, na neno akampa mgeni. Niliona wivu, niseme ukweli.

Halafu Baba akapiga simu.

"Mashallah. Akiweza kukaa kwenye ndege, namleta huku."

Huko Riyadh tayari ana mfanyakazi wake. Nikauliza, "Na mimi, Baba?"

"Tutaona. Yalla, mpe Mama simu."

Tutaona. Hilo neno nalijua vizuri kuliko braich.

Sasa najishuku mwenyewe. Ulipofika wakati wa mazoezi, nilitaka kusingizia uchovu. Mama Kabira akanitazama kabla sijaketi, akasema, "Braich," akinipa mkono wake. Nikauinua. Umefika juu kuliko jana.

Kesho nitauinua tena. Lakini najiuliza: siku utakapoinuka wenyewe, si utakuwa unaniaga?