Koti la Baba Ng'ombe

Mama Chacha, Bhoke wangu,

Jana mke wa Chacha alikuja na mfuko wa salfeti. Hakukaa. "Mama Robi, mama aliagiza hili likufikie wewe," akasema, akageuka haraka nisimwone macho. Nikafungua nikakuta koti. Lile la kijivu, la Baba Ng'ombe wa igizo lako, lenye kiraka cha kiwiko, na ndani yake ule mto mdogo uliokuwa unajifunga tumboni upate kitambi cha kiume. Bado linanuka moshi wa jiko lako. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Tangu tukuzike sijasimama kaburini kwako peke yangu. Niliogopa. Hata kwenye maombi jina lako nilikuwa nalipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokosana nayo. Sasa koti limekuja, nijifiche wapi tena? Nimechukua daftari la Robi, kurasa za nyuma, naandika. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la saba, univumilie.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamenya mihogo nyuma ya jiko lako hapa Nyarero, mwaka ule Robi amefaulu kwenda sekondari? Mume wangu Mwita alikuwa ameshapokea wajumbe wa mzee mmoja wa Busawe aliyetaka kumwoa Robi. Mtoto mwenyewe hajaulizwa. Mimi sikuwa na mdomo wa kumkabili Mwita. Wewe nikakueleza yote. Kwamba ng'ombe wake anawajua kwa majina, kila asubuhi anawaita kwa sauti tamu, lakini binti zake wanne anawachanganya, akimtaka Robi anaanza, "Ghati... Nyangi... wewe, yule wewe!" Kwamba hawezi kusema neno zito bila kukohoa mara mbili, kisha kuvuta suruali magotini. Nilikuwa nalia huku nakueleza, wewe ukaanza kucheka, na mimi nikacheka, kisu mkononi.

Mwisho nikakuomba. Mimi ndiye niliyekuomba, Bhoke. Nilisema, "Mtie kwenye igizo lako la kanisani." Ukaacha kumenya. Ukanijibu kwa kile Kiswahili chako cha kuzaliwa upande wa Kenya, "Wacha nikuambie, mama. Kwa mdomo wako hatasikia. Kwa mdomo wake mwenyewe atasikia."

Jumapili ya akina mama kanisa lilijaa. Ukaingia na koti, fimbo mkononi, tumbo mbele. Ukakohoa mara mbili tu, watu wakaanza kucheka. Ukawaita ng'ombe: "Njoo Doa, njoo mama. Kidevu, umelalaje mpenzi? Sirari, malkia wangu, nani kakuudhi?" Akina mama walishika mbavu. Kisha ukamgeukia yule aliyeigiza binti, ukamtazama kama mgeni, ukavuta suruali magotini, ukasema, "Na wewe... wewe nani vile? Haya, jiandae. Jumamosi unaolewa."

Hapo kicheko kilibadilika. Nilikisikia kinakatika, upande wa wanaume kwanza. Mzee mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Huyu mwanamke ametuvua nguo." Mwita akainuka akatoka.

Nyumbani hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Habari za zizi langu Bhoke kazitoa wapi?" Nami nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo: "Mimi sijui. Si unamjua mwenyewe na mdomo wake?"

Ndivyo nilivyokuuza, dada yangu. Kwa maneno machache hivyo.

Wazee wa kanisa walipokuita, nilikuwa benchi la tatu. Walitaka kujua nani alikupa siri za nyumba ya watu. Ulinitazama kidogo tu, halafu ukaangalia mbele. "Wazee wangu, shikamooni. Nimebuni mwenyewe. Baba wa namna hii yumo katika kila boma hapa. Kama ni Mwita peke yake aliyejiona, basi ninyi wengine mlikuwa mmesinzia." Hata mchungaji alificha mdomo kwa kitambaa. Lakini walikufungia. Maigizo marufuku, na wewe usisimame tena mbele ya watu.

Mwita akanikataza kukanyaga kwako. Nikatii, tena upesi, kwa sababu utii ule ulinifaa. Ningekutazamaje usoni? Miaka mitatu tukaishi hivyo, nyumba na nyumba. Tukikutana kisimani ulikuwa unakohoa mara mbili, taratibu, ili nicheke. Sikucheka. Nilijifanya nahangaika na mfuniko wa ndoo.

Halafu nikasikia miguu yako imevimba. Nikasema nitakwenda mvua zikikatika. Mvua zikakatika, na wewe... Bhoke, mvua zilikatika Jumanne, na wewe tangu Jumapili ulikuwa umeshaondoka.

Ngoja nikupe habari, maana ulipenda habari. Robi yuko kidato cha nne. Wale wajumbe wa Busawe Mwita aliwaambia wasubiri, na mpaka leo wanasubiri. Hakuna aliyetamka kwamba ni kwa sababu ya igizo, lakini mimi nalala naye, najua. Siku ya mazishi yako aliondoka asubuhi bila kuniaga. Baadaye nikiwa uani kwako na akina mama, nikamwona anaingia anavuta ng'ombe kwa kamba. Sirari. Malkia mwenyewe. Akamkabidhi Chacha ile kamba, akasema, "Wageni wa mama yako wapate kula." Nyama ile mimi sikuionja.

Wiki iliyopita alisimama mlangoni, akakohoa mara mbili, akaita, "Robi!" Moja kwa moja, bila kupitia kwa dada zake. Mtoto alishtuka hata akaitika abee mara mbili. Mwita akanigeukia, akacheka chini chini. "Yule rafiki yako," akasema, "alikuwa anakohoa kunishinda mimi mwenyewe." Nikaona macho yake yamelowa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa imekaa mbele yangu kama sahani. Nikasema, "Chai itapoa."

Sasa wazee wameyaruhusu maigizo tena, na akina mama wananitaka mimi nivae koti. Wewe ulijua, ndiyo maana ukaagiza. Nakumbuka siku ya kwanza ulipotufundisha, sisi tunataka kumwigiza yule jirani mlevi. Ukatuzuia. "Ati mnamcheka nani? Anzeni na nyinyi. Anayewaigiza wenzake na kujiacha mwenyewe nje, huyo si mwigizaji, ni msengenyaji." Tulidhani unatania.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Nimeona nani hakuwepo katika igizo lile. Baba alikuwepo, binti alikuwepo, hata ng'ombe walikuwepo. Mama hakuwepo. Ulinificha, Bhoke. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kuchekwa kuliko wote: mke anayelia jikoni kwa jirani anajua kila kitu, akiulizwa nyumbani kwake hajui lolote.

Safari hii mama atakuwepo. Nitavaa koti lako, nitakohoa, nitawaita ng'ombe. Kisha nitalivua mbele ya watu wote, nibaki na kitenge changu, niseme, "Mimi sijui. Si unamjua Bhoke na mdomo wake?" Wacheke. Wacheke mpaka kila mmoja aikumbuke siku yake aliyosema hajui. Ila Mwita hatalisikia hilo kanisani kwanza. Hilo nakuahidi, na Mungu ananisikia.

Nisamehe. Sikuja kukuaga unaumwa, nakuaga leo. Lala salama, dada yangu, na Bwana akukalishe penye watu wanaojua kucheka.

Nasikia ng'ombe wanaingia. Anawaita. Doa. Kidevu. Pale palipokuwa pa Sirari ananyamaza kidogo. Sasa anakohoa, mara ya kwanza, mara ya pili.

Naiweka kalamu. Naenda zizini kumwambia.

Wako,
Mama Robi