Tumeshukuru kwa Nyumba Ambayo Hatujapewa

Shangazi Mayasa mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku la nguo, nisaidie haraka maana tarehe thelathini Juni inakuja na sisi hatuna pa kulala.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, mume wangu Damien ni mlinzi, tuna watoto wawili na tumepanga chumba cha uani hapa Observatory, Johannesburg, kwa Mzee Pandu. Mwezi wa pili tuliomba fleti kwenye kampuni moja ya nyumba za watu wa kipato kidogo kule mjini, karatasi za ukaaji wa kudumu tunazo, na wakatutumia ujumbe kwamba ombi limepokelewa na kulishughulikia huchukua siku tisini. Basi Shangazi, Jumapili ile ile Damien akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akasema Bwana ametupa nyumba, vyumba viwili na bafu ndani! Nilimvuta koti lakini alikuwa ameshashika maikrofoni. Nilipomuuliza nyumbani akasema, "Mama Gaëlle, weye huna imani? Mtu anashuhudia kwanza, nyumba inafuata."

Kanisa lilicheza, na mimi nikacheza, ningekaaje peke yangu? Akina mama wakatununulia mapazia na sufuria, mchungaji akapanga kuja kubariki nyumba Jumamosi ya kwanza ya Julai, na siku ya tisini ilipofika Damien akampa Mzee Pandu notisi ya kuhama. Chumba kimeshaahidiwa mtu mwingine, juzi alikuja kupima dirisha nikiwa nasonga ugali.

Wiki jana nikaenda ofisini mwenyewe. Dada wa dirishani akatazama kompyuta yake akasema, "Eish, mama, hizo siku tisini hata hazijaanza." Faili halina barua ya mwajiri wa Damien wala taarifa za benki za miezi mitatu, na wametukumbusha mara tatu kwenye simu yake. Damien anasema ujumbe aliuona, ila kupeleka karatasi baada ya kushuhudia ni kumtilia Mungu mashaka. Badala yake ametufungisha siku ishirini na moja, Shangazi, mimi nashona suti za watu huku naona nyota!

Nikisema ukweli namwaibisha mume wangu, nikinyamaza watakuja na keki kubariki nyumba ipi? Nifanyeje?

Angélique, Observatory

*

Angélique mwanangu, pole. Nimecheka kwanza, unisamehe, halafu nikafika kwenye watoto wawili na kicheko kikaisha.

Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Mayfair, mambo ya ushuhuda wa kanisa lenu siyaingilii. Ila ofisi nazijua. Siku tisini ni za faili lililokamilika. Faili lenye pengo linakaa pale pale, hata mfunge mpaka mikanda iishiwe matundu. Na likishapita, mnaingia kwenye orodha ya kusubiri mpaka mtu ahame, na watu wa huko hawana haraka ya kuhama. Hakuna aliyewaahidi fleti.

Muulize Damien hivi: mtu akija getini kwake bila kitambulisho, akamwambia "nifungulie kwa imani", atamfungulia? Hata mchungaji wenu lazima aandike jina kitabuni kwanza. Basi na ile ofisi ina geti lake.

Nawe usijifanye malaika. Miezi mitatu umekaa unahesabu siku, hukuuliza hata mara moja faili limefika wapi, na sufuria ulipokea kwa mikono miwili. Mwogopeni Mungu, lakini someni na ujumbe wa simu!

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi kuleni uji, mfungo umeisha. Damien aende kwa bosi wake kuchukua barua, wewe nenda benki ukachukue taarifa zenye muhuri, mzipeleke pamoja na msiondoke bila stakabadhi yenye tarehe. Jioni mumwone Mzee Pandu. Kama huyo wa kupima dirisha hajasaini, Mzee aombwe abatilishe notisi, na aombe Damien, kwa sababu notisi aliitoa yeye.

Mzee akikataa, msisubiri Jumamosi ya keki. Jumapili hii Damien asimame mbele ya wote aseme, "Ndugu zangu, nilitangulia, nyumba bado haijatoka, nani ana chumba?" Kanisa zima lile halikosi mtu mwenye chumba, lakini hakuna atakayempa chumba mtu anayemjua kuwa ana fleti. Watamcheka. Acha wamcheke, wiki mbili watakuwa wamesahau. Baridi ya Julai hapa Johannesburg unaijua, na wanawe hawakushuhudia chochote. Damien akishindwa kusimama, simama wewe.