Kimya Ndani ya Miwani

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka, na sababu nitakueleza ukinivumilia.

Shuleni kwetu tumeletewa miwani kumi na mbili ya uhalisia pepe. Mwanafunzi akiivaa inamfunika hadi puani, anajikuta sokoni au hospitalini, na watu wa humo wanamsemesha Kiingereza. Akijibu, mashine inampa alama. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, ndiye mwenye ufunguo wa chumba.

Sasa kuna binti wa kidato cha pili tunamwita Kimya, maana mwaka mzima hajawahi kujibu swali darasani. Wiki ya tatu mashine ikampa tisini na moja, akawapita wote. Unanijua, dada: wenzangu wakiona moshi hutafuta moto, mimi nisipouona natafuta kiberiti. Nikajiambia kwamba miwani inaficha uso na sare ni zile zile, basi kuna mwenzake anayekaa kitini badala yake. Nikachungulia dirishani kukagua viatu. Kiatu cha Kimya kimeshonwa kwa uzi mweupe, na ndicho kilichokuwa mguuni mwa aliyekaa kitini. Nikasema kumbe wamebadilishana hata viatu! Nikamwandikia mkuu wa shule kwamba binti anadanganya. Mkuu akaagiza mama wa Kimya aje Ijumaa, na ikithibitika, binti asimamishwe shule.

Jana nikakaa kusikiliza sauti zilizohifadhiwa, nipate ushahidi. Somo lilikuwa la hospitalini. Daktari wa kwenye picha aliuliza mgonjwa anaumwa nini. Wengine wote walitaja tumbo au jino. Kimya alijibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba koo lake hufunga kila mwalimu wa Kiingereza anapoingia darasani, tangu siku aliyosoma kwa sauti, mwalimu akamwigiza, na darasa zima likacheka. Akamwambia daktari kwamba mbele yake anaweza kuongea kwa kuwa daktari hacheki.

Mwalimu huyo ni mimi, dada. Nilimwigiza, nikafurahia vile vicheko, nikasahau kabla kengele haijalia. Naona aibu hata kuandika. Ijumaa nitakiri mbele ya mkuu na mama wa Kimya, kisha nimwombe binti radhi mbele ya darasa lile lile.

Lakini kuna jambo linanikaba zaidi. Unakumbuka ulivyokuwa ukisoma kwa sauti nyumbani, nami nikikuigiza hadi baba anashika mbavu, mkanibandika jina la Kasuku? Mwaka ule ule uliacha shule, ukisema kichwa kinakuuma. Mimi ndiye niliyemnong'oneza mama kwamba unasingizia. Miaka yote nimewashuku watu wote isipokuwa mimi mwenyewe. Niambie kweli, dada: kilikuwa kichwa?

Nibusie watoto, na shemeji mpe mkono wangu. Nangoja jibu lako, hata kama ni la kunigombeza. Ukikaa kimya, nitajua.

Ni mimi kaka yako,
Kasuku