Koti Jeupe Lililogeuka Jekundu kwa Sabuni

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, naomba unisaidie, maana nimebeba jambo kwa siku nne na sasa limenishinda.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa kemia husema kwamba usichoweza kumweleza mtoto mdogo bado hujakielewa, basi nikaanza kuwafundisha watoto saba wa jengo letu kila Jumamosi asubuhi, kwenye ngazi za nyuma karibu na bomba, akiwemo mdogo wangu tunayemwita Kwanini, ambaye shuleni amerudishwa darasa kwa kuambiwa ni mzito wa kuelewa, lakini ngazini ndiye wa kwanza kuinua mkono. Tunatumia vitu vya jikoni tu. Tumeyeyusha chumvi, tukaanika maji yake kwenye sahani mpaka chumvi ikarudi, na tumemwagia siki maganda ya mayai tukayatazama yakitoa mapovu. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba likija lalamiko hata moja la jirani, darasa limekufa.

Jumamosi iliyopita somo lilikuwa asidi na besi. Nilikoroga unga wa manjano ya kupikia kwenye maji, watoto wakachovya vipande vya karatasi, tukadondoshea limau vikabaki vya njano, tukadondoshea maji ya sabuni vikawa vyekundu, na kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia darasani kwetu. Sasa kosa langu ni hili. Mwalimu wetu haanzi jaribio lolote kabla ya kuweka mezani kitambaa cha kufutia mikono, mimi nilisahau, na watoto wakajifutia kwenye koti jeupe lililoanikwa kambani. Nililiona walipokwisha kuondoka, nikajiambia ni madoa ya njano tu, yatatoka.

Koti ni la jirani wa ghorofa ya pili, msaidizi wa daktari wa meno. Jumatatu alilirudisha kwa mama anayefulia jengo zima, tunamwita Mama Povu, akamwambia ayasugue hayo madoa. Mama Povu akasugua kwa sabuni ya kipande, na kadiri alivyosugua ndivyo koti lilivyozidi kuwa jekundu, jirani akashuka akalikuta bado liko kwenye beseni, akasema limefuliwa pamoja na nguo inayochuja rangi. Mama Povu aliapa kwamba kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuchanganya nyeupe na rangi. Jirani akamjibu, “Mama, macho yangu si ya kuazima. Kesho usije.” Nyumba mbili nyingine nazo zimeacha kumpa nguo.

Mimi nilikuwa dirishani. Naona aibu kuandika hili, lakini moyo wangu ulifurahi kabla ya kuogopa, maana nilijua papo hapo ni manjano imekutana na sabuni, nikasema kimoyomoyo, kumbe hata kwenye nguo inakubali. Halafu nikamwona Mama Povu akikamua nguo zilizobaki, nikanyamaza, na bado nimenyamaza. Nikisema, darasa linakufa na Kwanini anabaki na lile jina la mzito. Nisiposema, mama wa watu anakosa kazi kwa ajili yangu. Nimefikiri labda niseme likizo ikifika. Nifanye nini?

Mwalimu wa Ngazini

*

Mwanangu,

Pumua kwanza. Koti halijafa, na kazi ya Mama Povu bado inaweza kuokolewa. Lakini hilo wazo la likizo lifute leo hii. Mama Povu hatakula likizo yako.

Kufurahi dirishani hakukuwa dhambi, ulikuwa umeelewa somo lako. Dhambi ni kukaa na jibu siku nne wakati mtu anaadhibiwa kwa kukosa jibu hilohilo. Unaogopa darasa litafungwa? Mwalimu anayeficha analolijua amekwisha kulifunga mwenyewe.

Ukimaliza kusoma, nenda kwa mama yako umweleze yote. Kisha mfuate Mama Povu kwake kabla ya mwenye koti, kwa sababu aliyeumizwa ni yeye, na usimwite aje, mwende wewe na mama. Halafu pandeni wote watatu kwa jirani mkiwa na kitambaa cheupe, manjano, sabuni na limau. Usihutubie. Fanya jaribio mbele ya macho yake ambayo si ya kuazima. Usiseme “watoto walijifuta”, sema “sikuwawekea kitambaa”. Zile nyumba mbili nazo uzigongee mlango mmoja mmoja. Koti lisuuzwe mpaka sabuni iishe kabisa, lilowekwe kwenye maji yenye limau, kisha lianikwe juani siku kadhaa, maana manjano haiwezani na jua. Mama yako akilifunga darasa, kubali bila kununa.

*

Wasomaji, jibu hilo nililituma kwa mkono siku ileile, kwa kuwa kazi ya mtu haiwezi kungoja gazeti lichapwe. Juzi nimepata haya:

“Shangazi, nimesema. Mama aliniuliza kwanza kama nimekula tangu Jumatatu. Mama Povu alinisikiliza amekunja mikono, akasema alikuwa ameanza kuamini macho yake yamechoka, na alikwisha kumwambia mwanawe hatafua tena nyeupe za watu. Kwa jirani kitambaa kiligeuka chekundu, nikakidondoshea limau kikarudi cha njano. Akaniambia rudia. Mara ya tatu akachukua limau akadondoshea mwenyewe. Kisha akamgeukia Mama Povu akasema, ‘Mama, nimekukosea. Naomba urudi.’ Koti lina siku ya tatu juani, madoa huyaoni mpaka uyatafute. Nyumba mbili zimerudisha nguo, moja kwa kuona haya. Mama amesema lalamiko nililolipeleka mwenyewe mlangoni halihesabiwi, kwa hiyo tunaendelea. Ila Mama Povu alinishika bega tukishuka, akaniambia, ‘Jumamosi niwekee kiti. Miaka kumi na miwili sabuni inanijua, mimi siijui.’ Shangazi, nitamfundishaje mtu mzima?”

Mwekee kiti cha mbele, mwanangu, na siku hiyo umwache aulize kabla ya watoto. Usipokuwa na jibu, mwambie hulijui, kisha mlitafute pamoja.